B.B. King na albamu ya Live at the Regal: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wa aina mbili: wanaotaka kujifunza gita, na wanaopita karibu na spika yangu wakauliza, "Huyu anayeliza gita hivi ni nani?" Nimeyapa namba ili nisirudie jibu lilelile mara mbili. Ukiona "tazama swali la 7", ujue jibu kamili liko huko.

## Ya kuanzia

1. Live at the Regal ni albamu gani?

Ni rekodi ya onyesho la B.B. King lililofanyika tarehe 21 Novemba 1964 katika ukumbi wa Regal, upande wa kusini wa jiji la Chicago, Marekani. Kampuni ya ABC-Paramount iliitoa mwaka 1965, na mtayarishaji alikuwa Johnny Pate, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga besi na mpangaji wa muziki. Ina nyimbo 10 na haizidi sana nusu saa. Ukiweka wali jikoni na albamu kwa pamoja, vitaisha karibu wakati mmoja.

Mwaka 2005 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa.

2. B.B. King ni nani?

Jina lake ni Riley B. King. Alizaliwa tarehe 16 Septemba 1925 huko Mississippi, katika mashamba ya pamba, na utotoni aliichuma pamba hiyo kwa mikono yake. Akahamia Memphis, akawa mtangazaji wa redio ya WDIA, na huko ndiko alikopewa jina la Beale Street Blues Boy, yaani kijana wa bluzi wa mtaa wa Beale. Jina lilikuwa refu mno kwa maikrofoni, likafupishwa mpaka zikabaki herufi mbili.

Alikuwa mtu wa barabarani. Mwaka 1956 peke yake inahesabiwa alipanda jukwaani mara 342. Kwa hiyo alipofika Regal mwaka 1964 hakuwa chipukizi anayebahatisha. Alikuwa na umri wa miaka 39, na nyimbo zile alikuwa amezipiga mpaka vidole vinazijua kuliko kichwa. Alifariki tarehe 14 Mei 2015, Las Vegas.

3. "Bluzi ya umeme" maana yake nini?

Bluzi ya mashambani ilikuwa ya mtu mmoja, gita la mbao na sauti yake, labda barazani, labda kwenye kilabu cha pombe. Watu weusi walipohama mashamba ya kusini kwenda miji kama Memphis, Chicago na Los Angeles, walikuta kumbi kubwa, kelele za kiwanda na dramsi. Gita la mbao halikusikika tena. Wakalitia umeme.

Lakini umeme haukuongeza kelele tu. Ulimpa mpigaji noti inayodumu. Gita la mbao ukiligusa, sauti inakufa upesi; lenye umeme noti inakaa hewani, unaweza kuivuta, kuitetemesha, kuifanya ilie. T-Bone Walker alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuliona hilo, na King hakuchoka kusema kwamba Walker ndiye aliyemtia hamu ya gita la umeme.

4. Mbona inasifiwa hivyo? Mimi nimesikia wapiga gita wenye kasi kuliko huyu.

Wapo, tena wengi, na hata mwaka 1964 walikuwepo. Ukiitafuta kasi humu utatoka mikono mitupu.

Kinachovuta ni mazungumzo. Sauti inasema jambo, gita linajibu, ukumbi unaitikia, na sauti inasubiri ukumbi umalize ndipo iendelee. Pande tatu hizo hazikatizani hata mara moja. Mimi huwaambia wanafunzi wasikilize wimbo wa pili, Sweet Little Angel, wakihesabu sehemu ambazo King *hapigi* kitu. Ni nyingi kuliko zile anazopiga. Anaweka noti tatu, nne, kisha anaondoa mkono, na pale kwenye ukimya ndipo watu wanapopiga kelele. Mpigaji mwoga hujaza ukimya ule. King anaukabidhi kwa waliokuja kumsikiliza.

## Ukumbi na watu wake

5. Kwa nini watazamaji wanapiga kelele kiasi kile? Zinanikera.

Umekuja kwa albamu isiyo yako. Ukizitoa kelele zile, nusu ya muziki imeondoka.

Waliokuwa wamekaa Regal walikuwa ni watu wa Bronzeville, mtaa wa watu weusi wa Chicago. Wengi wao, au wazazi wao, walipanda treni kutoka Mississippi kuja kutafuta kazi kaskazini, wakiwa na sanduku moja na anwani ya ndugu. King alitoka kulekule. Akiimba juu ya nyumbani palipoharibika, hakuwa anawasimulia habari ngeni.

Tena nyimbo walizijua kwa moyo. Kuna mahali King anawaambia kwamba sasa anarudi nyuma kuchukua bluzi za zamani, na akigonga wanayoikumbuka basi wapige kelele. Anagusa noti za kwanza za Sweet Little Angel, na unasikia wanawake wakilipuka kabla hajafungua mdomo. Aliyewahi kukaa kwenye onyesho la taarabu anaujua wakati huo: mwimbaji anafika kwenye neno lenye kijembe, mtu anainuka kitini na noti ya fedha mkononi kwenda kutunza, huku akimwangalia jirani kwa pembe ya jicho. Regal hakuna aliyetunza, ila roho ni hiyo.

Kuna jambo jingine watu hawalisemi. Kufikia 1964 vijana weusi walikuwa wakihamia kwenye muziki wa soul na nyimbo za kampuni ya Motown, na bluzi ilianza kuonekana muziki wa kina mama na kina baba, muziki wa kule kulikoachwa. Kwa hiyo makelele yale yana kitu cha watu wanaofurahi kukutana na ndugu ambaye watoto wao wamekwisha kumwonea haya.

6. Nani walipiga siku hiyo?

King anaimba na kupiga gita. Saksafoni za tenor ni za Bobby Forte na Johnny Board, besi ni Leo Lauchie, dramsi ni Sonny Freeman, na piano ni Duke Jethro. Jethro alikuwa mtu wa ogani. Alisimulia kwamba ogani iliharibika ikabidi akae kwenye piano asiyoizoea. Labda ndiyo maana piano haijitokezi sana humu. Mimi nasema ni bahati njema, kwa sababu ogani ingeujaza ule ukimya wa swali la 4.

Freeman anastahili sifa zaidi ya anazopewa. Sikiliza anavyoshuka sauti mara tu King anapoanza kusema na watu.

## Gita na sauti

7. Kwa nini gita linanyamaza kila anapoimba?

Kwa sababu hakuweza kufanya yote mawili kwa pamoja, na alikiri hivyo waziwazi maisha yake yote. Pia alisema hakuwa hodari wa kodi. (Kodi za gita, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, si za TRA.)

Upungufu huo ndio uliomjengea mtindo. Mwimbaji anayejipigia kodi hana pa kupumua; gita lake ni godoro la kulalia sauti. La King ni mtu wa pili jukwaani. Anamaliza mstari, anarudi nyuma hatua moja, gita linachukua zamu. Mara linakubali alichosema, mara linamcheka. Katika Worry, Worry sauti yake inapanda hadi ile nyembamba ya juu kabisa, na gita likija baada yake hutofautishi haraka kipi kimeacha na kipi kimeshika.

8. Ule mtetemo wa noti anaupataje?

Binamu ya mama yake, Bukka White, alikuwa mpiga bluzi wa kijijini aliyetelezesha chuma juu ya nyuzi, na sauti yake ilikuwa kama mtu anayelia. King alijaribu mtindo ule vidole vikagoma. Akatafuta njia ya kuipata sauti hiyohiyo bila chuma: anabonyeza uzi kwa kidole cha shahada, anakiachia kiganja kisigande kwenye shingo ya gita, kisha anazungusha mkono mzima haraka kama mtu anayejaribu kitasa cha mlango. Noti inatetemeka kwa upana na kwa kasi sawa.

Please Love Me, wimbo aliourekodi kwanza mwaka 1953, unaanza kwa kuiga mlio wa chuma cha mpiga bluzi Elmore James, bila chuma. Ni kama mtu anayeigiza lafudhi ya jirani yake mpaka inakuwa yake.

9. Lucille ni nani?

Ni gita, na ni mwanamke pia. Majira ya baridi ya mwaka 1949 King alikuwa akipiga kwenye jumba la dansi huko Twist, Arkansas. Ndani walikuwa wamewasha pipa la mafuta ya taa ili kupata joto. Wanaume wawili wakapigana, pipa likapinduka, moto ukashika sakafu. Watu wakakimbilia nje, King naye, kisha akakumbuka gita lake na kurudi ndani kulichukua. Alinusurika chupuchupu, watu wawili walikufa. Kesho yake akasikia wale walikuwa wakimgombea mwanamke aitwaye Lucille, akaliita gita jina hilo ili asirudie upumbavu wa namna ile.

Baadaye kila gita alilolishika liliitwa Lucille. Kwa hiyo ukiulizwa kama gita la Regal ndilo lile lililookolewa motoni, jibu ni hapana. Wakati huo alikwisha kuzoea Gibson za umeme zenye mwili mwembamba ulio wazi kiasi ndani.

## Nyimbo zenyewe

10. Nianze na wimbo upi?

Usianze na wa kwanza. Every Day I Have the Blues ni mwendo wa kasi wa kuingilia jukwaani, mzuri, lakini ni wa kusalimia. Anza na wimbo wa pili na usiguse kitu mpaka wa nne uishe: Sweet Little Angel, It's My Own Fault na How Blue Can You Get. Zinafuatana bila kukatika, na ni dakika 11 na ushee ambazo mimi ningebaki nazo kama santuri yote ingevunjika.

Kilele ni How Blue Can You Get. Mwimbaji analalamika kuwa mwanamke wake haridhiki. Bendi inapiga pigo moja na kunyamaza, yeye anataja alichompa, bendi inapiga tena. Alimnunulia gari jipya la Ford, mwenzake akataka Cadillac. Alimlisha chakula cha bei, akashukuriwa kwa kionjo. Alimwachia aishi katika nyumba yake ya ghorofani juu kabisa, ikaitwa kibanda. Halafu inakuja habari ya watoto saba, ambao sasa mama yao anataka kuwarudisha. Hapo ukumbi unapasuka. Nimeusikia mpasuko ule mara nisizoweza kuhesabu na bado husubiri kwa hamu kana kwamba safari hii labda watachelewa.

11. Zilikuwa nyimbo mpya?

Hapana, karibu zote zilikuwa za zamani zake. Woke Up This Mornin' na Please Love Me ni za 1953, You Upset Me Baby ya 1954, Every Day I Have the Blues aliirekodi mwaka 1955 ingawa wimbo wenyewe ni wa miaka ya 1930, na Sweet Little Angel ni ya 1956. Help the Poor ndiyo iliyokuwa ngeni, ya 1964.

Hii ni albamu ya mtu anayerudia hadithi zake mbele ya watu wanaozijua. Utamu hauko kwenye habari, uko kwenye usimulizi.

12. Mbona zote zinafanana?

Nyingi zimejengwa juu ya msingi mmoja: kodi tatu zinazozunguka katika vipimo 12, kila kimoja na mapigo manne. Mstari wa kwanza unaimbwa, unarudiwa, wa tatu unaujibu. Ukishaujua mzunguko, sikio lako linaacha kuuliza "wapi tunaenda" na kuanza kuuliza "safari hii atapitaje". Mtu anayesikiliza mashairi ya mizani 16 hamlaumu malenga kwa kurudia mizani.

Si zote lakini. Woke Up This Mornin' na Help the Poor zina mwendo wenye harufu ya Kilatini. Help the Poor ndiyo ya mwisho na, kwa maoni yangu, inamaliza albamu kinyonge. Baada ya You Done Lost Your Good Thing Now ningezima.

13. Mashairi yake si ya kumlaumu mwanamke tu?

Mengine ndiyo, na sitayatetea yote. Ila sikiliza kwa makini. Katika It's My Own Fault, kama jina linavyosema, anayekosa ni yeye. Na katikati ya Worry, Worry anasimamisha wimbo na kutoa nasaha za ndoa: anawaambia wanaume wasiwapige wake zao. Sababu anayotoa ni ya mzaha, kwamba ukimpiga unamfundisha ujanja na mara nyingine hutamkamata. Leo mzaha huo hauchekeshi kila mtu. Ila wanawake ukumbini wanasikika wakimwitikia kuliko wanaume, na hata ile orodha ya swali la 10, wanaocheka zaidi kwenye watoto saba ni wao.

## Kwa wanaopiga gita

14. Naweza kujifunza mtindo huu kutoka kwenye albamu hii?

Noti utazipata kwa wiki mbili. Karibu zote ziko sehemu moja ndogo ya shingo, kwenye nyuzi tatu nyembamba za chini, na huhitaji hata kuhamisha mkono sana. Wenyewe wanaiita boksi la B.B. Kinachobaki kitakuchukua miaka.

Wanafunzi wangu wengi wametoka kwenye dansi, na mkono wao umezoea sebene, ambako gita likishaanza kuzunguka haliachi mpaka wachezaji wachoke. Kwao kazi ngumu ni kuacha. Nawapa zoezi hili: imba mstari mmoja wa maneno yoyote, hata bei za sokoni, kisha jibu kwa noti zisizozidi tano. Ukipiga ya sita umekosa. Aliyeona haya kuimba hafiki mbali, kwa sababu gita la King linafuata pumzi ya mwimbaji.

Kuhusu mtetemo, tazama swali la 8. Usiukimbilie kabla hujaweza kuvuta uzi ukafika kwenye noti kamili. Noti iliyopotoka ikitetemeshwa inatangaza upotovu wake mtaa mzima.

15. Ni kweli wakubwa wa rock waliisikiliza kabla ya kupanda jukwaani?

Wanatajwa Eric Clapton, Mark Knopfler na John Mayer kwamba waliitumia kujitia moto kabla ya onyesho. Inaeleweka. Vijana wa Uingereza waliokuwa wakisaka santuri za bluzi miaka ile walipata humu kitu ambacho rekodi za studio hazikuwapa: ushahidi wa gita kuwashika watu mzimamzima.

Kwa King mwenyewe matunda yalichelewa. Mwaka 1965 bado alikuwa mwanamuziki wa kumbi za watu weusi. Ni mwaka 1967, alipopiga katika ukumbi wa Fillmore huko San Francisco mbele ya vijana Wazungu walioinuka na kumshangilia kabla hajapiga noti, ndipo mlango mwingine ulipofunguka. Inasemwa alilia.

## Ya pembeni

16. King mwenyewe aliiona albamu hii kuwa bora yake?

Hapana, na hili huwaudhi mashabiki. Alisema alikwisha kupiga maonyesho mengi bora kuliko lile. Namwamini. Kwa mtu wa maonyesho 342 kwa mwaka, usiku wa Regal ulikuwa siku ya kazi. Tofauti ni kwamba siku hiyo mashine ya kurekodi ilikuwepo na haikuharibika kama ile ogani.

17. Aliwahi kufika Afrika?

Ndiyo. Septemba 1974 alipiga Kinshasa, kwenye tamasha la siku tatu la Zaire 74 lililoandaliwa sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akaumia mazoezini, ngumi zikasogezwa hadi 30 Oktoba, lakini muziki haukungoja. Kwenye jukwaa hilohilo walikuwepo James Brown, Miriam Makeba, Celia Cruz, na wenyeji Franco na TPOK Jazz pamoja na Tabu Ley. Kwa mpenzi wa gita, kumweka King na Franco kwenye tamasha moja ni kama kuwekewa sinia la pilau na sinia la biriani na kuambiwa chagua.

18. Nimeipenda. Nifuate na ipi?

Ya King mwenyewe: Blues Is King ya 1967, iliyorekodiwa kwenye klabu ndogo hapohapo Chicago, na ile aliyopiga gerezani Cook County, iliyotoka 1971, ambako watazamaji wanaanza kwa kuzomea. Ukitaka gita kali zaidi na lenye hasira, Albert King (si ndugu yake) na Live Wire/Blues Power ya 1968. Ukitaka Chicago ya mtaa wa pili, ule wa magharibi, Magic Sam na West Side Soul. Usiruke moja kwa moja kwenda The Thrill Is Gone. Ni wimbo mkubwa, lakini vinanda vyake vya nyuzi vitakuharibia sikio ulilolifundisha hapa.

19. Ukumbi wa Regal bado upo? Nikienda Chicago naweza kuuona?

Huwezi. Ulifunguliwa 1928 ukiwa na viti karibu 3,000, ukafungwa 1968, na mwaka 1973 ukabomolewa. Ulikuwa mtaa wa 47, kwenye kona ya South Parkway, na mahali pale sasa kuna kituo cha utamaduni chenye jina la Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa jiji hilo.

Jihadhari na jumba lililoko mtaa wa 79 lililopewa jina la New Regal mwaka 1987. Ni jengo jingine kabisa. Watu hupiga picha mbele yake na kurudi nyumbani na furaha ya bure. Na South Parkway yenyewe usiitafute kwenye ramani, inaitwa King Drive. King anayekusudiwa ni Martin Luther.